Fyuzi Mbili za Zakaria

Kasulu, siku moja kabla ya basi lako

Mwanangu Editha,

Najua ulitegemea nikuandikie kuhusu koti, kuhusu pasi ya kusafiria, na kuhusu kutopokea mzigo wa mtu usiyemjua uwanja wa ndege. Hayo mama yako ameyamaliza, tena kwa kuyarudia. Mimi nina jambo moja tu, na tangu nirudi mchana nimekuwa nikilikwepa kwa kazi za kijinga. Nimenoa panga ambalo halina pa kwenda. Nimeifungua ile mota ya mashine ya kusaga iliyoletwa juzi, nikaitazama, nikaifunga tena kama ilivyokuwa. Wewe na mama yako mmekwenda Munanila kumuaga bibi yako na mtarudi kabla jua halijazama. Saa hiyo ikifika, barua hii iwe imekwisha, maana kama si leo sitaiandika tena. Najijua.

Wiki iliyopita ulikaa nami barazani ukanieleza kazi unayokwenda kujifunza Ujerumani. Ulianza kwa kunionea huruma, ukatafuta maneno mepesi. Ukasema wanachukua gesi kidogo sana, wanaipasha moto mpaka haiwi gesi tena, inakuwa kitu kingine kiitwacho plazima, na joto lake linazidi lile la katikati ya jua. Hakuna sufuria ya kulishika, kwa hiyo wanalining'iniza hewani kwa sumaku. Nikakuuliza kuni zake ni zipi. Ulicheka, ukasema hilo ndilo swali lenyewe. Kuni zake ni umeme, lakini hauchomekwi hivi hivi. Unapitishwa kwanza kwenye bomba kubwa lisilo na hewa, humo unageuzwa kuwa mawimbi, na mawimbi ndiyo yanayokwenda kupasha. Bomba hilo linataka makumi ya maelfu ya volti. Mji hauwezi kutoa umeme mwingi hivyo kwa mkupuo mmoja, basi wanazungusha gurudumu zito sana polepole, likishashika mwendo wanaukamua mwendo wake wote kwa sekunde chache.

Hapo nilikuelewa kuliko ulivyodhani. Jenereta yetu ya dizeli kule Kibondo ilikuwa na gurudumu la namna hiyo, na miaka mingi kazi yangu asubuhi ilikuwa kulizungusha kwa mkono mpaka injini iamke. Nilitaka kukuambia, lakini ulikuwa umenogewa na maelezo, nikakuacha.

Kisha ukasema, "Baba, kuna wakati cheche inaruka ndani ya lile bomba. Umeme usipokatwa hapo hapo, kabla hata jicho halijaanza kupepesa, bomba limekwisha. Mimi nakwenda upande huo. Wenzangu wengine watajifunza kuwasha. Mimi najifunza kuzima."

Nilinyamaza. Ulidhani sijaelewa, ukarudia yote tangu mwanzo, na safari hii ulichora kwa kijiti mchangani. Nilikuwa nimeelewa kabisa, mwanangu. Nilikuwa nawaza kwamba mtoto hachagui kazi ya namna hiyo bila sababu, na sababu yako naijua mimi peke yangu kwa ukamilifu wake. Wewe unaijua nusu.

Halafu ukaniongezea la funguo. Ulikuwa umelisoma kwenye makaratasi waliyokutumia. Ulisema kila anayeingia chumba cha mitambo anachomoa ufunguo mmoja ubaoni na kuuweka mfukoni mwake, na ufunguo mmoja tu ukikosekana ubaoni, mtambo wote hauwezi kuwashwa hata mkuu wao akitaka. Ukaniangalia, ukasema, "Kama fyuzi za Baba Leoni." Nikasema ndiyo, kama fyuzi za Baba Leoni, nikaingia ndani kutafuta miwani niliyokuwa nimeivaa.

Baba Leoni ndiye Zakaria. Nakuandikia habari zake kana kwamba hukumjua, kwa sababu ulikuwa na miaka minane tu alipokufa, na kwa sababu mengi uliyosikia juu ya kifo chake yalitoka kinywani mwangu.

Nilikuwa fundi wa kile kituo cha afya cha misheni kule Kibondo. Mimi mtu wa Singida, nimeletwa na kazi, Kiha sikijui hata salamu. Zakaria alikuwa msaidizi wangu. Alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake, akakulia vijiji vya hapa, na umeme alijifunza kwa macho. Walipoanza kuwakusanya wakimbizi waliokuwa wakiishi nje ya kambi, mimi ndiye niliyemwandikia barua kwamba kituo kinamhitaji. Akabaki na mkewe na watoto. Shukrani yake ilinichosha wakati mwingine. Kila msimu gunia la maharage, kila Krismasi jogoo.

Alikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyemfundisha. Kabla hajagusa waya wa jengo lolote, alichomoa fyuzi mbili za jengo hilo kwenye boksi, zile za kauri nyeupe, akazitia mfukoni mwa shati na kufunga kifungo. Hazikuwekwa mezani wala hakupewa mtu mwingine azishike. Alisema, "Fundi, anayeshika waya ndiye anayeshika fyuzi. Roho yangu siikopeshi." Mimi nilimcheka. Nilikuwa na cheti, yeye hakuwa nacho.

Tatizo lilikuwa kwamba Zakaria ni msahaulifu. Akimaliza kazi anapanda baiskeli anakwenda kwake kula, na fyuzi ziko mfukoni. Wodi inakaa bila umeme mpaka ashibe. Manesi wananipigia kelele mimi. Yalipotokea hayo mara ya nne au ya tano, nikachukua vishikio viwili kutoka boksi bovu, nikavisokotea waya mnene, nikavificha chini ya matambara kwenye kisanduku cha vifaa. Fyuzi za akiba. Nilijiona mjanja. Kila Zakaria akisahau zake, mimi nachomeka zangu, akirudi nazichomoa kabla hajaona. Hakujua mpaka anakufa.

Siku ile upepo ulikuwa umeangusha tawi juu ya waya wa wodi ya wazazi. Zakaria akachukua fyuzi zake, akaenda na ngazi. Ilipofika mchana sista wa zamu akaja mlangoni pa chumba cha jenereta, anataka umeme wa kuchemshia vyombo, kuna mama anajifungua. Nikatoka nje nikatazama. Baiskeli ya Zakaria haikuwepo. Nikasema moyoni, huyu amekwenda kula na fyuzi tena. Kumbe baiskeli alimwazima mtu akamletee msumeno wa lile tawi, naye alikuwa nyuma ya wodi juu ya ngazi, anamsubiri. Kulikuwa na hatua labda sitini kutoka kwangu mpaka nyuma ya wodi, na sikuzitembea.

Nikashusha swichi kuu, nikachomeka fyuzi za akiba, mgongo wangu umekuziba usizione. Wewe ulikuwa umekaa juu ya ndoo karibu na mlango, umetoka shule. Ulipenda sana kupandisha ule wembe wa swichi kuu, ule mkono wake wa kuwashia, na mimi nilikuachia kila jioni, ilikuwa zawadi yetu. Siku ile hata jioni haikuwa. Nikakuambia, "Haya Editha, pandisha." Ukasimama kwenye ndoo, ukapandisha kwa mikono miwili.

Tulisikia ngazi ikianguka.

Hapa ndipo pananishinda, na nimekaa muda mrefu kabla ya kuendelea. Nilishusha swichi. Hilo nilifanya haraka, sijilaumu kwalo. Lakini baada ya hapo sikukimbilia kwa Zakaria. Nilichomoa kwanza fyuzi za akiba nikazitia mfukoni mwa suruali yangu, ndipo nikakimbia. Mtu yuko chini, na mimi nachomoa fyuzi. Nimejaribu miaka mingi kujiambia kwamba nilichanganyikiwa. Sikuchanganyikiwa. Mikono yangu ilijua vizuri inachofanya. Jioni ile nilizitupa chooni, na kwenye boksi nikachomeka za kauri nilizozitoa jengo la stoo.

Alikufa kwenye gari, kabla hatujafika hospitali ya wilaya. Kesho yake walikuja mwenyekiti wa kijiji, padri na sista mkuu, tukakaa kwenye chumba cha dawa. Wakauliza nani aliwasha. Mimi nilikuwa natafuta pa kuanzia, nakuapia nilikuwa natafuta, na wewe ukiwa umeshika shati langu ukasema, "Ni mimi." Kila mtu akakuangalia. Ilikuwa zamu yangu kusema nilikuagiza mimi. Nikasema, "Huyu mtoto anapenda sana kuchezea swichi."

Sentensi moja, na nadhani hata wewe uliiamini kuliko masikio yako. Mwenyekiti akatikisa kichwa, akasema mtoto hana hatia, ni ajali, tuombe Mungu. Habari ya fyuzi ilipoulizwa, nikasema lazima Zakaria siku hiyo alisahau kuzichomoa. Yaani nilikutupia wewe nusu, nikamtupia marehemu nusu, mimi nikabaki msafi. Sista mkuu alinipa siku tatu za mapumziko kwa ajili ya kukufariji.

Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ya miaka kumi na tano, na wewe ndiye uliyeitembea. Hukusema neno kwa siku tisa. Mama yako alikupeleka kwa bibi yako Munanila, wakakuogesha na kukuombea, na uliporudi ulianza ule mtindo wako. Huwashi taa ya chumba chochote bila kuuliza kwanza, "Kuna mtu?" Hata chumbani kwako. Hata chooni. Wadogo zako wamekutania kwa hilo mpaka umekuwa mhandisi, wanakuita Bi Kuna Mtu, na unacheka nao. Mimi pia nimecheka mezani, nikijua kila mara ni nani aliyekupa ugonjwa huo. Ulipopata nafasi ya Chuo Kikuu ukachagua umeme, majirani walisema umenifuata baba yako. Nilipokea pongezi.

Nilidhani nitaondoka na siri hii. Kukuambia kungekuvuruga katikati ya masomo, nikajisemea, ngoja amalize. Ukamaliza, nikajisemea, ngoja apate kazi. Unaona jinsi mwoga alivyo na kalenda yake. Lakini leo asubuhi, mlipokwisha panda gari la Munanila, nilichukua bodaboda nikaenda Rungwe Mpya kwa Mama Leoni, mjane wa Zakaria, kumwomba aje kesho stendi akuage. Unajua anavyokupenda. Ndiye aliyekushika mkono siku ya mazishi ya mumewe, na kila mwaka anakutumia unga wa mtama.

Nilimkuta anaanika mihogo. Akanipa kiti, yeye akakaa mkekani. Nikamweleza safari yako, nikamweleza na habari ya zile funguo za Wazungu, nikadhani atafurahi kusikia desturi ya mumewe imefika mbali. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia ndani, akarudi na kitambaa, akakifungua mbele yangu. Ndani yake zilikuwamo fyuzi mbili za kauri.

"Unazijua, Baba Editha?"

Nikasema nazijua.

"Zilikuwa mfukoni mwake. Kifungo kimefungwa. Nimezikuta mimi wakati wa kumwosha."

Nilitazama mihogo.

"Miaka yote hii najiuliza," akasema. "Fyuzi ziko kwa marehemu, umeme umepita wapi? Mimi sikusoma, lakini hilo najua kuliuliza. Mtoto wa miaka minane hatengenezi fyuzi."

"Kwa nini hukusema, mama?"

"Ningemwambia nani? Mimi mkimbizi, mume amekufa, wanangu wanne. Ile barua ya kukaa nje ya kambi umeandika wewe. Ningesema, kesho yake lori liko mlangoni." Akazifunga tena kwenye kitambaa. "Sasa nina uraia. Nimekaa na karatasi zangu nikakungoja, nikasema labda atakuja mwenyewe. Leo umekuja, kumbe umekuja kunialika stendi."

Nikapiga magoti, Editha. Mzee mzima, mbele ya mihogo. Nikaanza kuomba msamaha. Akanikatiza.

"Mtoto anajua?"

"Hajui."

"Yoo, Mana yanje, Mungu wangu." Akakiweka kitambaa pajani, akasema polepole, "Mimi nimezika mume, nimelia, nimemaliza. Yule mwana bado anazika. Usinipigie magoti mimi. Nenda kwake kwanza. Kesho nakuja stendi, ego, ndiyo, nitakuja. Nitamuuliza kama umemwambia. Usipomwambia, namwambia mimi, basi likiwa linaunguruma."

Kwa hiyo usinihesabie barua hii kuwa ushujaa. Nimesukumwa. Lau Mama Leoni angenyamaza, kesho ningekubebea begi, ningekupungia mkono, na ungekwenda kuzima mitambo ya watu maisha yako yote ukidhani unalipia jambo ulilofanya. Hilo ndilo linalonitisha kuliko yote. Nilikuwa tayari kukuacha uende hivyo.

Nimejiuliza nikupe ushauri gani, na kila ninaoufikiria unanigeukia mwenyewe. Nataka kukuambia uogope vitu vya akiba. Huko nako, pamoja na ujuzi wao wote, iko siku mtu atachoka kumsubiri mwenzake arudishe ufunguo, atachonga wa pili auweke drooni. Hatakuwa mtu mbaya. Atakuwa mtu mwenye haraka, aliyepigiwa kelele, mwenye cheti. Ukimwona, mwogope, na ukijiona wewe ndiye, jiogope zaidi. Nataka pia kukuambia kwamba mtu akianguka uende kwake kabla ya kwenda kwingine kokote. Lakini hayo wewe unayajua. Uliyajua ukiwa na miaka minane, uliponiacha mimi pale kwenye boksi ukatangulia kukimbia, na nilipofika nilikukuta umeshika kichwa chake. Hilo halikusemwa pale chumba cha dawa, na mimi ndiye niliyepaswa kulisema.

Sijui nifanye nini na yaliyobaki. Kama kingekuwa kifaa ningekifungua. Umri wako wa kucheza umekwisha, siwezi kukurudishia hata siku moja kati ya zile tisa. Huenda nikiuondoa mzigo huu nitakuwa nimeng'oa na kilichokupeleka mbele, ukafika kule ukasema hii kazi niliichagua kwa ajili ya uongo, ukaiacha. Huenda ukaipenda zaidi. Sijui, na huko utakuwa mbali, sitakuona uso. Mama yako naye hajui lolote. Nitamwambia usiku huu, baada yako, na sijui kama kesho kutwa nitakuwa bado nalala nyumba hii. Wiki ijayo nitakwenda Kibondo kwa mwenyekiti wa sasa na kwa padri wa sasa, ingawa wale wa zamani wameshahama au wameshakufa, niseme mbele yao kwamba Zakaria hakusahau. Najua ni kuchelewa. Watoto wake wamekua wakiambiwa baba yao alikufa kwa uzembe wake mwenyewe.

Nimewasikia mmefika. Mama yako anagomba na mwenye bodaboda, na wewe unapatanisha kama kawaida yako. Nilikuwa nimepanga kuipenyeza barua hii ndani ya begi lako, uisome ukiwa umeshavuka maji, nisiwepo. Nimeshaikunja mara moja kwa nia hiyo, alama ya mkunjo utaiona. Nimeikunjua. Nitakuita hapa chumbani, nitakupa mkononi, nitakaa kwenye kiti hiki mpaka umalize. Ukitaka kunipiga nipige. Ukitaka kutoka bila neno, toka, sitakufuata.

Sikuombi unisamehe, na usinijibu leo. Ukiona vema usinijibu kabisa. Ninachotaka ni kimoja. Kesho asubuhi ukipanda basi lile, panda ukijua kwamba hujawahi kumuua mtu yeyote.

Baba yako